Meno Sita ya Chini

Daktari Wangeci aliliweka taya la Lazarus Oduor mezani, kati ya kikombe cha chai na kisanduku cha glavu. Lazarus mwenyewe akasogeza kiti chake kulitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ndugu ambaye hawajaonana siku nyingi.

Lilikuwa taya la plastiki nyeupe, lililochapwa na mashine kutokana na picha za skani alizopigwa. Juu lilikuwa na meno yote. Chini, mbele, palikuwa na pengo la meno sita, na mfupa pale umelainika kama kizingiti kilichokanyagwa miaka na miaka.

"Kumbe niko hivi," Lazarus alisema. "Nyumbani walikuwa wanasema nimefanana na marehemu mama, nakataa. Sasa naona walisema kweli."

"Baba Valarie, msikilize daktari," mkewe Philister alimkemea kwa sauti ya chini.

"Si namsikiliza? Ni taya wamechukua, masikio wameniachia."

Daktari Wangeci alicheka, kisha akalinyanyua lile taya kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpasuaji wa mifupa ya uso, mwenye sauti ya mtu aliyechoka kupigia simu ofisi za watu. "Tazama hapa, mama. Taya lake la chini limekaa nyuma. Alizaliwa hivyo. Ulimi umeshikizwa hapa, nyuma ya kidevu, kwa hivyo taya likikaa nyuma, ulimi nao unakaa nyuma. Akiwa macho, misuli inauzuia. Akilala misuli inalegea, ulimi unaangukia kooni, njia ya hewa inaziba. Unamsikia anakoroma, halafu kimya, halafu anashtuka kama mtu ametolewa majini."

Philister hakuhitaji kuelezwa habari za ule ukimya. Kwa miaka mingi alikuwa akilala mkono wake ukiwa kifuani pa mumewe. Kimya kikirefuka kupita kiasi, alimsukuma kwa kiwiko, Lazarus akavuta pumzi kwa kishindo, na usiku ukaendelea. Asubuhi wote wawili waliamka wamechoka, mmoja kwa kutopumua na mwingine kwa kusikiliza.

"Nitakata mfupa wa juu na wa chini," daktari aliendelea, "niivute yote mbele milimita kumi, niifunge na vyuma vidogo. Ulimi utafuata mfupa. Njia itafunguka."

"Milimita kumi ni kiasi gani?"

Daktari alimwonyesha ukucha wa kidole chake kidogo. "Upana wa ukucha huu."

"Ukucha tu?"

"Ukucha tu. Lakini moyo wake umeanza kutanuka, mama, na ukucha huu ndio unatenganisha mambo mawili. Sitaki tungoje."

Mengine yote yalikuwa yamejaribiwa. Lazarus alikuwa amepewa mashine ya kupuliza hewa kupitia barakoa, akaivaa miezi mitatu kama rubani. Hata ilipopuliza kwa nguvu zake zote, koo lilijifunga. Na stima ikipotea kwao Mountain View, mashine ilinyamaza naye ndani yake. Kikaja kifaa cha mdomoni, cha kuvuta taya mbele. Hicho kilihitaji kushikilia meno ya chini, na ya mbele Lazarus hakuwa nayo. Kikashikilia yale ya pembeni mpaka mawili yakaanza kutikisika.

"Hata mimi pengo hili limenisumbua," daktari alisema. "Kwa kawaida tunafunga meno ya juu na ya chini pamoja ili yatuonyeshe mfupa ukae wapi. Kwako itabidi nifuate mfupa wenyewe. Ndiyo maana nikachapisha hili, nipange kila mkato kabla ya kukugusa. Yalitolewa ukiwa na miaka mingapi, mzee?"

"Kumi na mitatu. Nak hiyo, mila ya kung'oa meno mvulana ahesabiwe mwanamume. Kule kwetu Ugenya sisi ndio tulikuwa wa mwisho mwisho, kanisa lilikuwa limeshakataza."

"Na ganzi?"

"Ganzi ya nini?" Lazarus alitabasamu, pengo likaonekana lote. "Niliketi mwenyewe."

*

Kampuni ya bima ilikuwa kwenye jengo la vioo Westlands, na mlangoni ilibidi uache kitambulisho, uvue mshipi, uchukue karatasi yenye nambari na uketi. Lazarus aliketi. Kabla ya nambari ishirini kuitwa alikuwa ameshalala, kichwa nyuma, mdomo wazi, na mkoromo wake ukajaa ukumbi ule wa vigae kama pikipiki iliyoingia ndani. Msichana mmoja aliinua simu yake. Kijana aliyekuwa karibu naye aliziba kinywa akicheka.

Askari alikuja akagonga mguu wa kiti kwa kirungu. "Mzee! Hapa si gesti."

"Ni mgonjwa," Philister alisema.

"Wagonjwa huenda hospitali, mama. Hii ni ofisi."

Philister alimtazama yule msichana mpaka akashusha simu. Hakuwa na nguvu za kugombana zaidi. Picha ya namna hiyo ilishawahi kuzunguka. Lazarus alikuwa dereva wa Bwana Norman Kihara, mwenye kampuni ya kuuza lifti za majengo, hadi asubuhi aliposinzia kwenye taa za Waiyaki Way akagusa nyuma ya lori. Hakuumia mtu. Bwana Norman alichukua funguo bila kupaza sauti, akamweka Lazarus getini awe anafungulia magari ya wengine, na akamwambia mkataba wake ukiisha mwisho wa mwezi hautaongezwa. Na bima ilifuata mkataba. Wiki hiyo hiyo mtu wa ofisini alimpiga picha amelala kwenye kiti cha getini, pengo wazi, akaituma kwenye kikundi cha wafanyakazi na maneno: "Geti mbili, zote ziko wazi." Bosi mwenyewe aliweka alama ya kucheka.

Nambari yao ilipoitwa walikuta dirishani msichana nadhifu, kibandiko kifuani kimeandikwa Cate.

"Habari yenu, wazazi wangu. Nimeona faili yenu. Kwanza ilikataliwa kwa sababu upasuaji wa taya tunauweka kwenye kundi la urembo."

"La nini?"

"Urembo, mama. Kubadilisha uso."

Philister alimgeukia mumewe: miaka hamsini na minane, shingo nene, macho mekundu, kola iliyochakaa ambayo yeye Philister ndiye aliyeigeuza kwa cherehani. "Binti, mtazame huyu vizuri. Unadhani nimemleta arembwe?"

Cate karibu acheke, akajizuia. "Hilo daktari wenu alilijibu, tumeliacha. Sasa kilichobaki ni meno."

"Meno yana nini?"

"Daktari wa kampuni anasema kile kifaa cha mdomoni kingefaa kama meno ya chini yangekuwepo. Hayapo kwa sababu yalitolewa. Na mkataba unasema hatulipii madhara mtu aliyojifanyia kwa hiari yake." Alisema hayo polepole, kwa adabu, kama anayemsomea mtoto. "Lakini kama alilazimishwa, hilo ni jeraha. Jeraha tunalipa. Kwa hivyo kamati inataka mzee aje Alhamisi aeleze mwenyewe."

"Aeleze kama alishikwa."

"Ndiyo, mama. Kama alishikwa, hakuna shida."

*

Jumatano jioni, chumba chao kimoja cha wageni pale Mountain View kiligeuka mahakama. Valarie, binti yao, alikuwa ametoka kazini kwenye duka la simu mjini na hata viatu hakuvua. Philister alikuwa akipiga pasi shati la mumewe juu ya meza ya kukatia mapazia, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kushona mapazia ya watu wa Kileleshwa.

"Daddy, mimi ndiye kamati," Valarie alisema. "Bwana Lazarus Oduor, hayo meno yalitokaje?"

"Yaling'olewa."

"Ulikubali ama walikushika?"

Lazarus alikuna kidevu.

"Daddy! Si useme tu walikushika. Kwani ni ngumu?"

"Walinishika nani?"

"Wazee! Watu wa huko! Taja mtu alikufa, hatakuja kubisha."

"Unataka nimsingizie maiti."

"Nataka upumue, Daddy."

Lazarus alitikisa kichwa. "Nyinyi hamjui. Mvulana aliyeshikwa hakuitwa tena jina lake. Aliitwa Aliyeshikwa, mpaka akaoa, mpaka akazaa. Ukienda kisimani wasichana wanakucheka. Kuna mtu kule alihama kabisa, akaenda Uganda."

"Na sasa hao wasichana wa kisimani wako wapi?" Philister aliuliza, akiibandika pasi mezani. "Wameshakuwa bibi, wengine wamezikwa. Mimi ndiye nimebaki, na mimi sikucheki. Ni neno moja, Baba Valarie. Nimekulisha, nimekuamsha kila usiku kwa kiwiko. Nipe hilo neno moja."

Lazarus alimtazama mkewe, akatazama shati. "Haya," alisema. "Nitasema."

"Sema sasa tusikie," Valarie alisema.

"Nilishikwa," Lazarus alisema akitazama sakafu. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayetaja deni dukani watu wakiwa wengi.

*

Kamati ilikuwa ya watu watatu, ghorofa ya juu, nyuma ya meza iliyong'aa hadi sambusa zilizowekwa juu yake zikaonekana mara mbili. Mwenyekiti alikuwa Daktari Ndambuki, daktari wa kampuni, mwanamume mpole wa miwani. Kushoto kwake alikaa mwanamke wa sheria ambaye hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. Kulia, kijana wa suti ya kubana ambaye hakuna aliyeeleza kazi yake.

Daktari Wangeci alikuja kwa gari lake, kwa muda wake mwenyewe. Aliliweka taya mezani akaeleza yote tangu mwanzo: mfupa, ulimi, koo, moyo, ukucha. Alisema hata kama mzee huyu angekuwa na meno yote thelathini na mawili, taya lake lingekuwa nyuma vilevile, na kile kifaa pengine kisingetosha vilevile. Daktari Ndambuki aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kila hoja. Yule kijana alilichukua lile taya, akaingiza kidole gumba kwenye pengo, akatabasamu.

"Asante, daktari," Ndambuki alisema. "Umeeleza vizuri sana. Sasa Mzee Oduor. Usiogope, tunazungumza tu. Meno haya yalitolewaje?"

"Yaling'olewa, daktari. Mzee mmoja wa kijiji, na chuma chake."

"Wewe ulitaka, au ulilazimishwa?"

Philister, nyuma ya kiti cha mumewe, aliona shingo yake ikikaza. Alimwona akivuta pumzi. Neno lilikuwa njiani, angeapa lilikuwa njiani.

"Maana mimi nimesikia," yule kijana wa suti alidakia, taya bado mkononi, "eti mlikuwa mnakaliwa na wanaume wanne kama mbuzi wa Krismasi. Watu wanalia mamaa, mamaa!" Akacheka, akimtazama mwanamke wa sheria apate wa kucheka naye. "Ama ni uongo, mzee?"

Lazarus alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Alivuta chini pindo la koti lake na akanyoosha mgongo kama askari wa paredi.

"Hao ni wengine," alisema. "Mimi sikushikwa na mtu. Niliketi mwenyewe, nikafungua mdomo, na sikulia."

Mwanamke wa sheria alianza kupiga chapa.

"Kwa hivyo ilikuwa kwa hiari yako," Ndambuki alisema, kwa huzuni ya kweli au ya kazi.

"Hiari yangu."

"Daktari Ndambuki!" Wangeci alikuwa amesimama pia. "Hilo lina uhusiano gani na koo lake? Wewe ni daktari. Umesoma nilichosoma."

"Daktari mwenzangu, hapa nasoma mkataba."

Kijana wa suti alilirudisha taya mezani. Alilirudisha kichwa chini.

*

Barabarani jua lilikuwa kali, na Philister alitembea mbele ya mumewe hatua kadhaa mpaka walipofika chini ya bango la benki. Hapo akageuka.

"Neno moja."

"Yule kijana alicheka, Mama Valarie."

"Na mimi nilikuwa nacheka?"

"Alicheka na mdomo wangu mkononi mwake."

"Acheke! Acheke mpaka meno yake yatoke! Wewe ungepasuliwa, ukapona, yeye akabaki na kicheko chake. Umechagua wasichana wa kisimani, Baba Valarie. Umewachagua wao ukaniacha mimi na kiwiko changu."

Wapita njia waligeuka kutazama. Lazarus alijaribu kumshika mkono, naye akauondoa. Hakuwa amewahi kumfanyia hivyo mbele ya watu, na jambo hilo lilimuuma Philister baadaye kuliko mengi.

Daktari Wangeci hakukata tamaa. Aliandika barua nyingine, akaulizia nafasi katika hospitali ya umma, akaambiwa foleni ni ndefu na vile vyuma vidogo mgonjwa anunue mwenyewe. Alimpigia Bwana Norman, akamwomba angalau aongeze mkataba miezi mitatu ili bima isikatike. Bwana Norman alisema anamwombea sana Lazarus, ila kampuni si yake peke yake.

*

Jumamosi ya mwisho ya mwezi Philister alikwenda Kileleshwa kutundika mapazia. Kazi ilikuwa ya asubuhi tu. Lakini mwenye nyumba aliyatazama yakiwa yametundikwa akaona ni marefu, hata kama vipimo alivitoa yeye, na Philister akaketi sakafuni akayapunguza moja moja. Kisha mwenye nyumba akasema angoje malipo, mumewe yumo bafuni. Alipotoka bafuni akaanza chakula. Philister alingoja jikoni amesimama, mkoba begani. Msichana wa kazi alimpa maji kwa siri.

"Mzee wako aliacha pombe?" mwenye nyumba alimuuliza mwishowe, akihesabu noti. "Njambi wa ghorofa ya pili, yule unayemshonea pia, aliniambia analala mpaka kazini."

"Hajawahi kunywa, mama."

"Hivyo ndivyo husema," yule mama alisema kwa huruma.

Alipofika Mountain View, jua lilikuwa bado juu. Jirani aliyekuwa akianika nguo alimwambia mzee amelala tangu chakula cha mchana, na leo amelala vizuri, hata hakoromi.

Philister aliacha mkoba palepale uani akakimbia.

Alikuwa kwenye kochi, miguu imenyooshwa, redio ikisoma taarifa ya habari. Philister alimsukuma kwa kiwiko. Akamsukuma tena. Aliendelea kumsukuma mpaka jirani alipoingia akamshika kiuno kutoka nyuma, na hata hapo kiwiko kiliendelea kupiga hewa.

*

Jumatatu asubuhi Cate alipiga simu. Alikuwa amelia kidogo, au alikuwa na mafua.

"Pole sana mama. Nimeona taarifa kutoka kwa mwajiri. Nilitaka kukwambia pesa za mazishi zitaingia kwa simu yako kufikia kesho. Hakuna haja ya kuja."

"Kufikia kesho?"

"Ndiyo mama. Kwa za mazishi huwa hatuchelewi."

"Na kikao ni lini?"

"Kikao cha nini, mama?"

"Cha kumuuliza kama alikufa kwa hiari."

Kisha Cate akasema tena pole, na ikakatika. Pesa ziliingia siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana. Philister alizitazama zikiwa tarakimu tu kwenye kioo cha simu. Angetaka kuzirudisha. Lakini gari la kumpeleka Lazarus Ugenya halikukodishwa kwa hasira, na jeneza halikutengenezwa kwa hasira. Alizitumia zote.

*

Kila jioni watu wa nyumbani waliokuwa Nairobi walikusanyika uani kupanga safari. Jumatano walikuwa wengi. Katikati alisimama Dalmas, mtoto wa baba mdogo wa Lazarus, seremala wa Kangemi, mcheshi ambaye bila yeye hakuna matanga yaliyokamilika. Kwao marehemu hazikwi kabla hajatajwa mabaya yake mepesi, watu wacheke, ndipo walie vizuri.

"Nyinyi mnamlilia shujaa," Dalmas alisema akijifuta jasho. "Mimi nimlilie ninayemjua. Amekwenda, kiapo kimekwisha, wacha niseme. Siku ya nak tulikuwa watatu. Huyu mliyemsikia akijisifu eti aliketi mwenyewe? Uwongo mtupu! Alikimbia mpaka kwenye mashamba ya mihogo. Walimtoa huko wanaume wanne. Wawili miguuni, mmoja kifuani, mmoja kichwani! Jino la kwanza lilipotoka alimuuma mzee wa watu kidole. Alilia mpaka ng'ombe wakageuka kutazama!"

Uani palilipuka kwa kicheko. Hata wazee walishika mbavu. Valarie alianza kucheka akilia, kisha akamwona mama yake, akaacha.

"Jioni akatuapisha," Dalmas aliendelea, sauti ikilegea. "Wawili sisi. Akatugawia embe lake na nyama yake yote, kwani hata kutafuna hakuweza. Akasema, nikisikia mtu ameambiwa, nitajitia mtoni. Omera, ndugu yangu, nimelinda siri yako miaka arobaini na tano."

Philister alikuwa ameinuka kutoka kwenye mkeka. "Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Alishikwa?"

"Na wanne, shemeji. Mimi niliona kwa macho yangu. Kwani kuna ubaya? Tunacheka tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Dalmas alitazama huku na huku, kicheko kikiwa kimemkwama. Hakujua lolote kuhusu kamati. Lazarus hakumwambia mtu. "Shemeji, nimekosea wapi?"

Philister alirudi mkekani. Kwanza alimkasirikia Dalmas, aliyekaa Kangemi, mwendo wa dakika chache kwa miguu, na neno lile mfukoni. Kisha akamkasirikia Lazarus, aliyeombwa aseme uwongo kumbe aliombwa aseme kweli, akaikataa kweli kwa sababu ilikuwa kweli. Ingekuwa uwongo, labda angeusema. Hasira ilizunguka uani ikitafuta pa kukaa, na haikukaa hapo wala pale, maana mmoja alikuwa ametimiza kiapo na mwingine alikuwa maiti. Ilipotua, ilitua kwenye meza inayong'aa.

Kwa sababu hata kama angeketi mwenyewe. Hata kama angekwenda akiimba. Katika chumba kile walikuwamo madaktari wawili na mtu wa sheria, na yeye mwenyewe Philister nyuma ya kiti, na hakuna aliyesema jambo ambalo mtu yeyote mwenye mtoto angelisema.

*

Alhamisi, kabla ya safari, alimchukua Dalmas wakaenda Westlands. Waliacha vitambulisho, Dalmas akavua mshipi, wakachukua karatasi ya nambari wakaketi. Philister alikuwa na kitambaa cheusi kichwani, na safari hii askari hakugonga kitu.

"Mama," Cate alisema walipofika dirishani. "Kuna tatizo na pesa?"

"Pesa zilifika. Nimeleta shahidi. Huyu alikuwepo. Mume wangu alishikwa na wanaume wanne. Andika."

Cate alitazama kioo cha kompyuta. "Faili imefungwa, mama."

"Ifungue."

"Mtu akishafariki mfumo unaifunga wenyewe. Hata mimi siwezi kuandika ndani. Hakuna nafasi."

"Hata pembeni?"

"Hakuna pembeni, mama." Alipunguza sauti. "Na hata ikiandikwa, haitabadilisha kitu. Naomba uniamini."

"Sikuja ibadilishe kitu. Binti, wewe ulinisomea ule mkataba vizuri sana. Polepole, neno kwa neno. Nikuulize. Mume wangu alikuwa na miaka mingapi siku hiyo?"

Cate hakutazama kioo. Ilikuwa kwenye faili, na hata bila faili aliikumbuka. "Kumi na mitatu."

"Mtoto wa miaka kumi na mitatu, hapa kwenu, anaweza kutia sahihi ya bima?"

"Hapana."

"Anaweza kukubali apasuliwe?"

"Hapana, mama. Mzazi ndiye hukubali."

"Kwa hivyo alikuwa nani?"

Nyuma ya kioo, msimamizi alikuwa ameinua kichwa. Cate alimwona. Alishusha macho kwenye mikono yake, yenye kucha zilizopakwa rangi vizuri, akazificha chini ya meza.

"Alikuwa mtoto," alisema.

"Wale wanaongoja hawajasikia."

"Mama, tafadhali, ni kazi yangu."

"Na yule alikuwa mume wangu."

Cate aliinua uso. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Alikuwa mtoto," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikapita juu ya vigae na viti vyote, na watu wakaacha simu zao wakatazama. Dalmas alivua kofia yake akaishika kifuani.

Mashine ukutani ikalia, ikaita nambari iliyofuata, dirisha lilelile. Mwanamume mwenye bahasha ya kaki aliinuka kitini, akapiga hatua mbili, akamwona Philister hajaondoka, naye akasimama palepale alipokuwa, akangoja.